Witness Sipriani Mchopa na Mkono wa Anayetoka

Baba Paroko, wazee wetu, ndugu na majirani, maneno haya yameandikwa na dada yangu Yustina, mama wa marehemu, nami Tomaso, mjomba wa marehemu, nimeagizwa niyasome kama yalivyo, nisiongeze wala nisipunguze.

Witness Sipriani Mchopa alizaliwa tarehe 14 Mei 1993 hapa Nyangamara, mtoto wa pekee wa Yustina na marehemu Sipriani, akabatizwa mwaka huohuo. Alisoma shule ya msingi hapa kijijini kuanzia mwaka 2000 hadi 2006, kisha sekondari mjini Lindi, na mwaka 2017 alihitimu masomo ya kompyuta chuo kikuu, Dar es Salaam. Alikuwa mbishi tangu mdogo, na walimu wake waliopo hapa wanalijua hilo.

Tarehe 3 Septemba 2018 aliajiriwa Dar es Salaam na kampuni inayopangisha kompyuta. Wengi mmeuliza kazi yake ilikuwa nini, na mama yake ameieleza kama alivyoelezwa. Kompyuta moja kubwa hugawanywa ndani yake kuwa kompyuta nyingi za kufikirika, kila moja hupewa mpangaji wake, nayo hujiona iko peke yake. Kumbukumbu ya ile kubwa imekatwa kurasa, na kila kompyuta ya ndani ina jedwali la kuonyesha kurasa zake ziko wapi, lakini haiachiwi kujiandikia inavyotaka, kila mstari wa jedwali hupita kwanza kwa mkaguzi, ambaye ni programu, naye huangalia kama ukurasa huo upo, kama ni wa huyo anayeuomba, na kama ameruhusiwa kuusoma tu au kuuandika pia. Mstari wa uongo ukipita, mpangaji mmoja atasoma siri za mwingine. Witness ndiye aliyemwandika mkaguzi huyo.

Mwaka 2021 alichumbiwa na Anthony, aliyekaa nasi hapa tangu juzi. Mwezi Oktoba mwaka huo figo za Witness zilifeli, akarudisha posa mwenyewe, Anthony akakataa kuipokea, na jambo hilo likabaki hivyo hadi leo. Hakujaliwa mtoto.

Tangu Januari 2022 alisafishwa damu hospitalini mjini Lindi kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, kwa muda wa saa nne kila mara, akafanya kazi kwa mtandao katika chumba kimoja cha kupanga, chenye dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Mama yake aliacha mikorosho bila kupuliziwa salfa, dawa ya ukungu, akaenda kukaa naye, si kwa moyo mkunjufu, bali kwa sababu hapakuwa na mwingine. Harusi Dar es Salaam, msiba Mtwara, kazi aliyoitiwa nje ya nchi, vyote vilipimwa kama vinatosha katika siku mbili zisizo na mashine ya kusafisha damu. Witness alikuwa akisema yeye ndiye kompyuta ya ndani, ila hana bahati ya kutojua kwamba amefungiwa.

Jumanne, tarehe 12 Machi 2024, Naima, msimamizi wake kazini, alipiga simu kwamba zahanati moja iliyopanga kwao imekuta majina ya wagonjwa wa zahanati nyingine. Witness alipekua kutwa nzima na asione kosa, kila mstari ulikaguliwa ulipoandikwa. Mama yake, akichambua kunde na akiwa amechoka kumsikia akilalamika, alimwambia, “Wewe mwanangu unamuuliza anayeingia tu, anayetoka umemuuliza nini?” Witness akasema, “Mama, mkorosho wa Hussen.”

Wa ukoo wetu wanaujua mkorosho huo. Mti ukibadilisha mkono kwetu, yaani ukipata mwenye mwingine, mjomba hupita na watu shina kwa shina, anayeuacha huweka mkono kwanza na kutamka kwamba ameuacha, ndipo mpya huweka wake. Mwaka 2003 Hussen, aliyekuwa akiachia miti yake, alikuwa safarini Sudi, mti wake mmoja ukarukwa, msimu ulipofika akarudi akaokota korosho zote mbele ya mwenye mti mpya, wala hakuwa mwizi, hakuna aliyemwambia. Witness alikuwa na miaka kumi na alikuwepo. Mkaguzi wake alikuwa na kosa hilohilo, ukurasa ulinyang'anywa mpangaji mmoja ukapewa mwingine, na mstari wa zamani ukabaki unafanya kazi.

Kosa lilikuwa lake, na bima iliyolipia mashine ilitoka kwa mwajiri. Mama yake anakiri mbele yenu kwamba alimshauri atengeneze anyamaze. Witness alisema, “Mama, wale wa zahanati ni wagonjwa kama mimi,” na Alhamisi, tarehe 14 Machi, alipeleka marekebisho pamoja na barua yenye jina lake. Sasa ukurasa haupewi mpangaji mwingine mpaka kila mstari unaouelekea ufutwe, prosesa zote, yaani bongo za kompyuta, zisahau njia ya zamani, na maandishi yaliyomo yafutwe. Walisubiri jibu siku kumi na moja katika chumba kile. Kampuni ilimpa onyo, ikambakiza.

Januari mwaka huu mpira wa shingoni wa kusafishia damu uliingiwa na wadudu, sumu ikaenea kwenye damu, akafariki Jumanne, tarehe 10 Februari 2026, saa tatu asubuhi, akiwa na miaka thelathini na miwili.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, mwenye nyumba wetu Lindi, Naima na wenzake waliosafiri, na majirani mliochimba kaburi.

Witness ana mikorosho saba nyuma ya nyumba hii. Aliagiza kwamba asitajwe mrithi kabla yeye hajatolewa, kwa hiyo tukitoka makaburini tutapita shina kwa shina, na mama yake ataweka mkono kwa niaba yake na kutamka kwamba ameuacha, mara saba.

Haya, Witness, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa nazo zimekuachilia. Pumzika sasa kwa amani yako.