Kiti cha Bluu Kwenye Kila Picha

Benchi letu lina miguu mitatu na tofali moja, limeegemea ukuta wa duka la Mzee Zipu, anayeuza zipu, vifungo, nyuzi na lasteki tangu enzi suruali zinashonwa na mafundi. Kila jioni tunakaa watatu. Kuna Kinyozi, ambaye huja na chupa ya kahawa na kwa hiyo anajiona mwenyekiti. Kuna Profesa, dereva wa lori anayejua kila kitu isipokuwa lori lake litatoka gereji lini. Na kuna mimi, Mtandao. Shule niliiacha mapema, ilikuwa inanichelewesha. Ni mimi, na si mwingine, niliyelipeleka duka la Mzee Zipu kwenye soko la mtandaoni: nikapiga picha, nikaandika maneno matamu, nikabonyeza. Ilibidi. Mke wake alifariki mwaka jana, tangu hapo wateja wanapita upande wa pili wa barabara, na binti yake anayeishi mji mwingine alishasema: akija mteja hata mmoja kupitia hiyo simu, baba utabaki na duka lako, mwezi ukiisha hajaja, nakuja kukuchukua. Jioni ninayoisimulia, mwezi ulikuwa unaisha.

— Mtandao, — Kinyozi akaanza huku akimimina, — wateja wako wa hewani wako wapi?

— Wapo. Duka limetazamwa na watu wengi kuliko vichwa vyote ulivyoharibu.

— Kutazama si kununua. Wanafanya nini kingine?

— Wanauliza.

— Wanauliza nini?

Hapo nikanywa kahawa taratibu. Maana kusema ukweli, wote wanauliza kitu kimoja, na si zipu. Katika zile picha kinaonekana kiti cha bluu, cha mbao, chenye mto ulioshonwa kwa vipande vya lesi. Alikuwa anakikalia mke wa Mzee. Watu wakaruka zipu zote, wakakiona hicho. “Bado kipo?” wanaandika. Ukiwajibu, wanapotea kama wamemezwa.

— Nikwambie kwa nini wanapotea? — Kinyozi akasema. — Mtu amelala chali, siku nzima hakuna aliyemuuliza hata umekula. Basi anauliza yeye. Akijibiwa, roho inatulia, analala.

— Acha zako, — Profesa akamkata. — Hao ni wenye viwanda vya viti. Wanapeleleza. Mwezi ujao utaona viti vya bluu kila kona.

— Na wanaoniulizia wembe nao wana viwanda vya ndevu?

— Wewe cheka. Mimi nimesafiri. Simu siku hizi zinaongea zenyewe kwa zenyewe. Sisi kazi yetu ni kuzichaji.

— Profesa, — nikamwambia, — lori lako linakuharibu kichwa.

Akasogea mbele, sauti ikashuka.

— Au sikilizeni. Labda ni mtu mmoja tu. Mmoja, dunia nzima. Yeye ndiye anayeuliza kila mahali: bado ipo, bado kipo, bado zipo. Wengine wote tunamjibu yeye.

— Sasa anatafuta nini?

— Hatafuti. Hana pa kwenda.

Kinyozi akataka kucheka, akaghairi. Ndani ya duka Mzee Zipu alikuwa ameinamia simu, anaandika kwa kidole kimoja kama anayebonyeza kengele ya mlango wa watu. Najua alichokuwa anaandika, maana anaandika hicho hicho kila siku: “Kipo, ila kina mwenyewe. Hujambo? Nyumbani hawajambo?” Kisha anasubiri.

— Mzee! — nikamwita. — Mtandaoni watu hatusalimiani hivyo.

— Mnasalimianaje?

— Hatusalimiani.

— Sasa mnaanzaje?

Mimi huyu, wa kujibu kila kitu, nikaomba niongezewe kahawa.

Ndipo akaja dada mmoja, begi begani, simu kaishika mbele yake kama tochi. Anaitazama simu, anautazama ukuta, anaitazama tena simu.

— Samahani kaka zangu, hapa ndipo duka la zipu? Lile la mtandaoni?

Nilisimama hadi benchi likainuka upande wangu, Profesa akamwagikiwa kahawa.

— Ndipo hasa! Na aliyelipeleka huko ni huyu unayemwona. Karibu, ingia.

Tukaingia nyuma yake wote watatu kama tunaosindikiza bibi harusi. Akamwamkia Mzee, shikamoo, marahaba mwanangu. Kisha akaona kiti na uso wake ukalegea.

— Kumbe bado kipo! Niliuliza juzi, nikajibiwa kina mwenyewe. Nikasema labda mwenyewe ameghairi. Nimehamia chumba juzi juzi, nina kitanda tu. Mtu akija, sina pa kumkaribisha.

— Wanakuja? — Mzee akauliza.

— Bado. — Akatabasamu kwa haya. — Naweza kukijaribu?

Tangu msiba hakuna makalio yaliyogusa kiti kile. Hata mimi, na mimi hukaa popote. Mzee akaitikia kwa kichwa. Dada akakaa, akarudi nyuma kidogo, mto ukashuka chini yake. Mzee akarudia kazi yake, alikuwa anapima lasteki kwenye kaunta. Bila kuinua macho akanyoosha mkono kando, kama zamani.

— Nipatie mkasi.

Mkasi ulikuwa umetundikwa kwenye msumari karibu na kiti. Dada akautoa, akampa. Mzee akaushika, akabaki ameushika. Lasteki ikamponyoka, ikajikunja sakafuni.

Kinyozi alinifinya mbavu. Nikajua anachotaka kusema: auze, jamani, auze, mteja ndiye huyu. Profesa alishindwa kujizuia.

— Mzee, si ni kiti tu? Ukiuza, binti yako hana neno tena.

— Hakiuzwi, — Mzee akasema. Akamgeukia dada. — Nisamehe, mwanangu. Umetoka mbali.

— Haina shida. — Akasimama, akauweka mto sawa kama alivyoukuta. Alipofika mlangoni akageuka, na wala hakuuliza kwa ubaya. — Ila kama hakiuzwi, mbona mmekiweka kwenye kila picha?

Wakanitazama mimi.

— Duka dogo, dada, — nikasema. — Ukipiga pembe hii kimo, ukipiga ile kimo. Hata mpiga picha mkali kama mimi…

— Hata hii ya barabarani?

Akanionyesha. Ni picha niliyoipiga nikiwa ng'ambo ya barabara, duka lote kwa nje. Kiti kiko kizingitini, kinatazama watu. Nikakumbuka siku ile. Nikipiga nyuzi, Mzee anasogea na kiti kwenye nyuzi. Nikipiga vifungo, kiti kwenye vifungo. Nikavuka barabara, akakibeba hadi nje. Nilidhani ananipisha.

Mzee alikuwa anaokota lasteki, anaikunja, anaikunjua. Dada akasema haya, asanteni, akaenda zake, begi likimgonga kiunoni mpaka akapotea kwenye kona.

Tukarudi benchini. Kinyozi akainamisha chupa, ikatoa machicha.

Simu ya Mzee ikaita. Yeye hajui kupokea bila kuweka spika, kwa hiyo tulisikia wote.

— Baba, shikamoo.

— Marahaba, mama.

— Mwezi ndio huo unakwisha. Amekuja mteja?

Mzee akatazama barabarani.

— Amekuja.

Kinyozi akanipiga bega, mimi nikajitanua kifua.

— Kweli, baba? Kupitia simu?

— Kupitia simu.

— Amenunua nini?

Kila mmoja wetu akawa na shughuli na kikombe chake kitupu.

— Amekaa, — Mzee akasema.

— Amekaa wapi?

Upande wa pili tukasikia bomba la maji likifungwa.

— Kwenye kiti cha mama?

— Kidogo tu.

Kisha sauti ya binti ikaja, ndogo kuliko ile ya mwanzo:

— Basi kesho fungua duka, baba.

Wenzangu wakaaga. Mimi nikabaki kumsaidia Mzee kuingiza ubao wa bei. Alikuwa amezima taa, ameshika kufuli, simu ikawaka mkononi mwake. Akanipa.

— Nisomee, macho yamechoka.

— Mtu mwingine. Anasema bado kipo?

— Mwambie kipo.

— Niongeze kwamba hakiuzwi?

Akafikiri.

— Msalimie kwanza.

Nikaandika: Hujambo? Nyumbani hawajambo? Nikatuma. Tukasimama mlangoni, mimi na yeye, tukaitazama simu mpaka kioo chake kikazimika, tukakigusa kikawaka, tukasubiri tena.