Historia ya Kaka Yetu Kidevu, Mlinzi wa Pumzi

Ndugu, majirani na waombolezaji wote, nasimama kwa niaba ya familia, mimi mdogo wake niliyemfuata ziwa, kuwasomea maisha ya kaka yetu, ambaye wengi mlimfahamu kwa jina la Kidevu.

Alizaliwa tarehe 14 Machi 1961, mtoto wa tatu wa baba fundi viatu na mama mshonaji, akasoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, kisha sekondari, na mwaka 1981 akaingia chuo cha uuguzi, jambo ambalo baba alilikubali shingo upande, kwa kuwa alitaka mrithi wa nyundo na gundi. Mwaka 1989 alihitimu kuwa nesi wa usingizi, na tangu hapo kazi yake ikawa kukaa kichwani pa mgonjwa katika chumba cha upasuaji, akilinda njia ya hewa, huku sifa zikienda kwa mwenye kisu.

Tarehe 5 Desemba 1987 alifunga ndoa na shemeji yetu, mwalimu wa hesabu, wakajaliwa mabinti wawili na mvulana mmoja, na katika nyumba ile hakuna aliyekoroma kwa raha, maana kaka alipita kila kitanda akiinua videvu, hata mimi nikisinzia sofani niliamshwa na vidole vyake, naye akaniambia niendelee kulala, alikuwa anafungua njia tu.

Alistaafu mwaka 2021, akarudi kufundisha katika chuo kile cha uuguzi, na wanafunzi aliwaimbia jambo lile lile, kwamba moyo wa mtu ukisimama wasikimbilie kumwingiza mrija wa hewa kooni, wainue kidevu, wapulize hewa kwa maski, na mikono inayokandamiza isitoke kifuani eti kuna mtu anachungulia koo.

Shinikizo la damu lilimwanza mwaka 2016, na wiki ya mwisho kifua kilimbana, akasema ni gesi, na mganga hajigangi. Asubuhi ya Jumanne, tarehe 9 Aprili 2024, alianguka darasani, kando ya sanamu la mazoezi, moyo ukasimama. Wanafunzi walianza kumkandamiza kifua papo hapo, lakini kwa kuwa alikuwa mwalimu wao walitaka kumpa kilicho bora, wakashika mrija, njia haikuonekana, wakajaribu tena na tena, na kila walipochungulia, mikono ilitoka kifuani. Mwishowe mmoja wao aliutupa mrija, akainua kidevu, hewa ikaingia, kifua kikapanda, ila moyo haukurudi.

Daktari ametuambia mshipa mkubwa wa moyo ulikuwa umeziba, na pengine hakuna ambaye angemrudisha. Hiyo “pengine” tunalala nayo na kuamka nayo, na imetushinda.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliotupikia, na wafanyakazi wenzake. Ninyi wanafunzi mliosimama kule getini, shemeji ameniagiza niwaambie msogee mbele, viti vyenu viko hapa na familia, kwa sababu ninyi ndio mliokuwa naye.

Leo asubuhi, kabla jeneza halijafungwa, shemeji aliingiza mkono, akamwinua kidevu, akasubiri kidogo, kisha akakirudisha taratibu.

Kaka, pumzika kwa amani, tumefika mwisho wa tunayoyaweza.