Oili Iliyonuswa Mapema

Kwenye feri ya Likoni, Bi Dhahabu alisimama kando ya wanaume wawili wasiojuana. Mmoja, Ruwa, alishikilia pikipiki kuukuu ya jeshi, usukani umepinda. "Waya wa breki niliukaza mwenyewe," alisema. "Mteremkoni haikushika. Mke wangu akavunjika mkono."

Mwenziwe, aliyekuwa fundi, akachungulia gurudumu la nyuma. "Waya hauna kosa, bwana. Oili imevuja, ikalowesha viatu vya breki, vile vinavyobana gurudumu kwa ndani. Ungefungua ungeona."

"Mke wangu aliinusa oili hiyo. Nikamwambia mwanamke hajui pikipiki. Sasa yuko kwao, naenda kumwomba arudi."

"Kwa pikipiki hii?" fundi akauliza. Bi Dhahabu naye alikuwa akijiuliza hilohilo.

"Ukibadilisha viatu hivyo, breki itashika?" Ruwa akauliza.

"Itashika."

"Na yeye, atapanda?"

"Wallahi, hilo si la fundi."

Feri ikagota. Ruwa akashuka akiisukuma, bila kuiwasha.