Bi Kalamu Chini, Mwalimu Aliyekataa Vekta Zirukwe

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Kalamu Chini, alizaliwa tarehe 9 Juni 1953, kitinda mimba wa fundi cherehani na mkunga. Tangu utotoni alikuwa mbishi, na familia haioni sababu ya kuficha hilo leo.

Alisoma shule ya msingi ya mtaani kwao, kisha sekondari ya wasichana, na mwaka 1976 akahitimu ualimu wa fizikia.

Mwaka uliofuata aliingia karakana ya fundi wa kusuka mota. Akatazama umeme unavyopita kwenye waya na sumaku ilivyokaa, akakunja vidole vya mkono wa kulia, akasema mota hiyo itazunguka kinyume. Fundi akacheka, akaiwasha. Ikazunguka kinyume. Fundi akapeleka posa mwezi uleule, na ndoa ikafungwa Desemba 1977.

Kazini alimkuta mkuu wa shule ameamuru kuzidisha vekta kurukwe, maana wanafunzi hulikosa swali hilo kila mwaka. Bi mkubwa akagoma. Akaambiwa wakifeli, atafute shule nyingine. Alianza na mlango wa darasa: ukiusukuma kuelekea bawaba, utatoka jasho bure, ukiusukuma kwa pembe mraba, unafunguka kwa kidole kimoja. Ila mhimili unaouzungukia umesimama wima, hauelekei ulikosukuma wala ulikolala ubao wa mlango. Huo, alisema, ndio mwelekeo wa vekta ya tatu, inayozaliwa na mbili za mwanzo. Kunja vidole vya mkono wa kulia kutoka vekta ya kwanza kwenda ya pili, na kidole gumba kitakuonyesha ya tatu inakoelekea.

Wakaelewa, lakini kwenye majaribio nusu ya darasa wakapata mwelekeo wa kinyume. Akapita kati ya madawati, akaona kisa: mkono wa kulia umeshika kalamu, basi walikuwa wakikunja vidole vya kushoto. Tangu siku hiyo, kila swali la vekta lilianza kwa amri, "Kalamu chini!" Katika mtihani wa taifa wa 1989, msimamizi aliona darasa zima likilaza kalamu, akadhani ni mgomo. Hakuna aliyelikosa swali lile. Matokeo yalipotoka, sisi nyumbani tulipiga vigelegele mpaka majirani wakauliza nani anaolewa.

Februari 2021 alipata kiharusi, mkono wa kulia ukalala. Mjukuu wake alikuja hospitalini na swali la vekta, akaona hali, akataka kuondoka. Bibi akainua wa kushoto.

"Njoo hapa. Tumia huu, ila anza na vekta ya pili uende kwenye ya kwanza. Ukigeuza mpangilio, jibu nalo linageuka."

Jibu likawa sahihi, naye akacheka hadi muuguzi akachungulia. Alifariki hospitalini tarehe 3 Mei 2024, baada ya moyo kuchoka.

Ameacha mume, binti mhandisi, mwana fundi, wajukuu wanne, na wanafunzi waliojaa hapa hadi barabarani. Mkuu wake wa shule, mwenye miaka themanini na sita, amekaa safu ya mbele. Ameomba tusome neno lake moja: "Alinishinda, na nilikuwa nikiomba anishinde."

Mwalimu, umeshinda. Lala kwa amani.