Dadu Katika Kopo la Tangawizi

Benchi la Zeynab ni ubao mmoja wa sipresi uliolazwa juu ya mawe, katika mtaa wa Majengo, pale njia inapokata kona kuelekea msikitini. Mji mzima wa Nyeri umezungukwa na mibuni na watu wake wanakunywa chai. Kahawa wanakunywa hawa wachache, tena kwa sababu kikombe cha Zeynab ni kidogo na maneno yao ni marefu. Ijumaa hiyo ya Julai, mwaka wa themanini na sita, manyunyu yalikuwa yameanza tangu alfajiri na mlima ulikuwa umejifunika gubigubi. Wateja watatu walikuwa wamebanana upande mmoja wa ubao. Nafasi ya wa nne ilikuwa wazi, na hakuna aliyesogea kuijaza.

Ilikuwa nafasi ya Wahome, msaidizi wa maabara katika shule moja ya sekondari. Mwalimu wa kujitolea kutoka ng'ambo, alipokwenda zake, alimwachia boksi la mchezo wa ajabu: watu huketi tu, kila mmoja akasema yeye ni nani, shujaa au mchawi, mmoja akawasimulia shimo wanaloingia, na dadu ikaamua nani apone na nani afe. Wahome aliutafsiri wote kwa Kiswahili, kwa mkono, ndani ya daftari nene, na kwa miaka miwili benchi likaingia mashimoni kila Jumamosi. Kisha ukaja huo mwaka ambao serikali ilisaka vikaratasi vya uchochezi, na karatasi yoyote iliyoandikwa kwa mkono ilikuwa kama ndui ndani ya nyumba. Askari walipopekua kwa Wahome kule Gatitu, walikuta ramani za njia za chini ya ardhi, walinzi wawili kila mlango, na orodha ya watu kwa majina ya utani, kila mmoja na daraja lake na silaha zake. Wakamchukua yeye na daftari.

Ijumaa hii ilikuwa siku ya tisa tangu achukuliwe. Jumatatu askari mmoja wa chifu alipita hapo, akanywa kahawa akiwa amesimama, akaongea akiitazama barabara:

— Huyo mtu anasema ni mchezo. Mkubwa ameuliza, mchezo gani haina ubao, haina mpira, haina hata dadu? Na Profesa ni nani, Askofu ni nani, Chui ni nani, hataki kusema. Kama kuna mtu anajua hiyo mambo, aende aeleze kabla ya Ijumaa saa sita. Baada ya hapo faili inaenda Nairobi. Na yeye.

Akarudisha kikombe, akaenda. Alijua vizuri alikuwa akiongea na nani.

Sasa ilikuwa saa tano na kitu, na watatu hao walikuwa wakibishana.

— Tuseme kuna chumba, — alianza Profesa. Huyu ni Mathenge, mwandishi wa barua za watu nje ya posta, na katika mchezo ni Mchawi wa Kitabu. — Tuseme tu. Chumba ya mawe, mlango moja ya chuma, walinzi wawili. Ndani kuna mtu. Kati yetu sisi wenye uchawi, nani anaweza kumtoa?

— Mtu gani? — Chui aliuliza.

— Mtu tu. Ni mfano.

Zeynab alichochea makaa. Alikuwa amesikiliza mifano ya aina hiyo tangu Jumatatu. Hakuwahi kucheza hata mara moja, lakini masikio hayana mlango, na kanuni alizijua kuliko wao. Profesa husoma kitabu chake cha uchawi asubuhi, akaweka maneno kichwani, na kila neno akilisema linafutika mpaka alisome tena. Askofu hana kitabu; huomba, akapewa. Chui huchota nguvu kwenye miti na wanyama, na hawezi kuvaa chuma.

— Mimi nasema neno moja, — Profesa aliendelea, — walinzi wanalala. Neno la pili, kufuli inafunguka. Kwisha! Hata jasho sitoi.

— Na kitabu yako iko wapi? — Askofu alidakia. Huyu ni Nderitu, muuza makoti ya mitumba na mzee wa kanisa. Amekuwa Kuhani katika mchezo kwa sababu hangekubali kitu kingine. — Mchawi bila kitabu ni karani tu. Si kitabu ndiyo wako nayo pale juu ya meza?

Hapo kila mtu akanywa kidogo. Ule mfano ulikuwa umepata meza.

— Kuhani ndiyo dawa, — Askofu akaongeza haraka. — Mimi niko na neno la kimya. Hatua kumi na tano kila upande, hakuna sauti inatoka.

— Kimya! — Chui alicheka bila furaha. — Pale kimya wako nayo ya kutosha, Askofu. Mtu analia huko ndani, hakuna mtu anasikia. Wewe utawaongezea ya nini?

— Basi ninatibu. Kila asubuhi naweka mkono, vidonda zinapona.

— Ndiyo jioni wapate mahali safi pa kuanzia.

— Wewe Kingori una mdomo mbaya!

— Nina macho. Mlinisikia nikisema uongo?

Walikuwa wamemsikia mara nyingi. Chui, yaani Kingori, huuza makaa, na hupenda kueleza miaka yake ya vita vya uhuru katika msitu wa Nyandarua, ingawa ukihesabu umri wake, wakati wa vita alikuwa darasa la pili. Ndiyo sababu alichagua kuwa Mtu wa Msitu.

— Sikilizeni sasa, — alisema. — Mtu wa Msitu anageuka mnyama mara tatu kwa siku. Nageuka panya. Napita chini ya mlango. Nani anashika panya?

— Umeingia, — Profesa alisema. — Haya. Utatoka na yeye namna gani? Yeye si panya. Wewe utatoka, yeye abaki. Hiyo si kuokoa, hiyo ni kwenda kumsalimia.

Chui akauma mdomo, kisha akainuka nusu kutoka kwenye ubao.

— Basi ndovu! Naita ndovu wote wa Nyandarua. Washuke, wavuke mto, wapite hapa Majengo, waende wasukume ile ukuta mpaka Land Rover zao zibaki kama sufuria!

— Watakanyaga kibanda changu, — Zeynab alisema.

— Tutakujengea ingine, Mama Barre.

— Kwa nini uite ndovu? — Profesa naye akapandisha. — Daraja la juu kabisa, mimi nasimamisha wakati! Jua inasimama, saa inasimama, Ijumaa haiishi. Natembea katikati yao nikitoa funguo mifukoni. Ati ndovu!

— Na hata wakimaliza, — Askofu alisema, na sauti yake ilikuwa imepanda kwa sababu alikuwa anashindwa, — hata wakimmaliza, Kuhani wa daraja la tisa anafufua. Anafufua maiti!

Manyunyu yalisikika juu ya bati. Askofu mwenyewe alibaki na mdomo wazi, kama mtu aliyefungua mlango asioujua. Katika mchezo alikuwa daraja la nne. Wenzake hawakumkumbusha.

Zeynab alichoka.

— Wazee, niwaambie neno moja ambalo halina daraja? "Ni mchezo." Mtu apande pale juu kituoni, aseme ni mchezo, mimi ndiye Profesa, au mimi ndiye Chui, tunacheza hivi na hivi. Dakika ishirini kwa miguu. Hakuna haja ya ndovu.

— Apande nani? — Askofu aliuliza.

— Yeyote.

— Mama, wewe hujui hao watu. Unaenda kueleza, unaongezwa kwa orodha.

— Na kama ni rahisi hivyo, — Profesa alisema taratibu, — si uende wewe? Dadu iko kwako.

Ni kweli ilikuwa kwake. Ile dadu ya pande ishirini, nyekundu, ndogo kama kunde iliyovimba, walikuwa wakimwachia aitunze ndani ya kopo la tangawizi ili isipotee. Kama Wahome angeibeba pamoja na daftari, wangeikuta. Zeynab aliinama akapuliza makaa ambayo hayakuhitaji kupulizwa. Kipande chake, yaani kitambulisho, kilikuwa kimegeuzwa na askari mbele na nyuma mara mbili mwaka huo, na mara ya pili aliulizwa kwao ni wapi hasa, yeye aliyezaliwa nyumba ya tatu kutoka hapo.

Alipoinua kichwa, mke wa Wahome alikuwa amesimama mbele ya benchi. Watiri. Alikuwa ametembea kutoka Gatitu, mtoto mgongoni, kikapu mkononi, na ndani ya kikapu sweta ya kijani iliyokunjwa vizuri.

— Habari zenu wazee. Mama Barre, salama?

— Salama, Mama Kagure. Njoo ukae.

Hakukaa. Ile nafasi ilikuwa pale pale, wazi.

— Nimeambiwa nimletee sweta, ati Nairobi ni baridi. Nataka nikaongee na huyo mkubwa. Baba Kagure alikuwa anasema hapa ndiyo anachezea. Mimi sikuwahi kuuliza, nilikuwa naona ni mambo ya wanaume. Sasa nimekuja kuuliza. Hiyo mchezo inachezwa na nini?

Profesa alitazama viatu vyake. Chui alikuta kitu cha kukwangua chini ya kucha.

— Hiyo... hiyo ilikuwa mambo ya Wahome mwenyewe, — alisema Askofu. — Sisi tulikuwa tunakunywa kahawa tu.

— Lakini mlikuwa mnaona.

— Unajua macho ya wazee, — Profesa alisema.

Watiri aliwapitia mmoja mmoja, bila hasira, kama mtu anayetafuta nyumba kwenye mtaa asioujua. Kisha akamgeukia Zeynab.

— Mama Barre. Wewe uko hapa kila siku.

Kopo la tangawizi lilikuwa karibu na mkono wa Zeynab, karibu sana hata aliona ubaridi wake. Msikitini mtu alikuwa akijaribu kipaza sauti kwa vidole, tap, tap, kabla ya adhana.

— Mimi nauza kahawa, mwanangu, — alisema. — Na hata yenyewe imeisha.

Watiri aliitikia kwa kichwa, akamrekebisha mtoto mgongoni, akaifunika sweta isilowe, akaanza kupanda. Walimwangalia mpaka kona ikammeza. Adhana ikatoka, ndefu, ikapita juu ya mabati.

Baadaye Profesa alinyoosha kikombe bila kumtazama mtu. Zeynab akakimiminia, kisha cha Askofu, kisha cha Chui. Birika lilikuwa bado zito.