Pole ya Mara Mbili

Ijumaa tarehe 28 Novemba 2025, baada ya miaka thelathini na minne ya kuwasimamisha watu, Bi. Edith Nyanchoka anastaafu kutoka idara ya mazoezi ya viungo katika hospitali yetu hapa Migori. Madam, kama tulivyozoea kumwita, aliomba sherehe fupi na chai nzito. Chai tutaiweza. Ufupi hatuahidi.

Alianza kazi Homa Bay mwaka 1991, binti wa Kisii aliyefika kando ya ziwa bila neno la Dholuo kinywani na bila ujasiri wa kula samaki anayemtazama. Kula samaki alizoea upesi. Lugha ndiyo iliyomchezea. Neno la kwanza alilofundishwa na wauguzi lilikuwa mos mos, yaani polepole, kwa sababu mgonjwa wa kiharusi akisimama mara ya kwanza hutaka kwenda nyumbani siku hiyo hiyo. Asubuhi moja alikuwa amemshika Mzee Aringo, mchuuzi wa omena, wale dagaa wa ziwani, aliyepooza upande wa kushoto. Katika pilkapilka, Madam akasema mos mara moja tu.

Sasa, mos moja si mwendo. Mos moja ni pole, ile ya msibani. Mama Rael, mkewe mzee, alikuwa ameketi kwenye benchi akisubiri. Alidhani Madam ametangaza kwamba mumewe ndiyo basi tena, akaangua kilio kilichowatoa watu wadi ya pili. Mzee alipandwa na hasira. Akaachia vyuma vya kushikilia, akamwendea mkewe akiburuta mguu, akamuuliza, "Wewe Rael, nani amekufa hapa?" Alikuwa ameshafika benchini ndipo wote watatu wakagundua kwamba ametembea.

Madam amekicheka kisa hicho hadi leo, lakini pia alikichukua kama somo. Kiswahili chenyewe kina mtego uleule, kwa hiyo alipohamishiwa Migori alikuja na sheria: katika chumba chake, pole husemwa mara mbili au haisemwi kabisa. Wageni waliingia na chupa za uji na nyuso za kilio, na kabla hawajamaliza salamu alikuwa amewaonyesha mlango, huku akitabasamu. "Pole moja peleka kwa matanga," aliwaambia. "Huyu bado tuko naye." Mchungaji mmoja wa Kisabato aliachwa nje mpaka akajirekebisha, na nasikia aliihubiri hadithi hiyo Sabato iliyofuata. Madam aliamini kwamba mtu akionewa huruma kila kukicha, mwishowe hujionea huruma mwenyewe, na mguu huona hauna haja ya kujisumbua.

Ni nani asiyekumbuka karai lake la mahindi? Wagonjwa wenye vidole vizito walikaa kulizunguka wakipukuchua, punje baada ya punje, wakisengenya siasa. Matiko, dereva wa malori ya miwa kule Awendo, alikuja akiapa kwamba kupukuchua mahindi si kazi ya mwanaume. Alirudi nyumbani akiweza kufunga vifungo vya shati lake, na hadi leo hutuletea magunzi yaliyojaa punje, eti tusije tukaishiwa na dawa. Kuku wa jirani walinenepa sana miaka ile.

Mwaka jana, mwezi wa Aprili, Madam alikuwa anaanika nguo kwake Suna mkono wa kulia ulipolegea, kiharusi kikamwangusha. Liz, bintiye, alimleta akiwa hawezi kusema. Tuseme ukweli: tulivunjika moyo. Alikuwa amebakisha mwaka mmoja na nusu, na wakubwa, kwa nia njema kabisa, walipendekeza apumzike mapema kwa sababu ya afya. Alitikisa kichwa. Hakuwa na neno, lakini sote tulimwelewa. Chumba alichoingia kwa miguu yake, alitaka kutoka humo kwa miguu yake.

Na sisi, wanafunzi wake, tulifanya nini? Tulijipanga kando ya kitanda na maziwa na matunda, tukamwambia pole. Moja moja. Akageuza uso ukutani.

Sammy, kijana aliyefundishwa kazi na Madam mwenyewe, ndiye aliyempeleka kwenye vile vyuma. Wiki zikapita bila mguu kutii. Kisha asubuhi moja, akiwa amesimama akitetemeka, midomo yake ilifunguka, likatoka neno la kwanza tangu Aprili: "Pole." Basi. Sammy aliganda, akidhani mama wa watu anajililia mwenyewe, na tuliokuwa mlangoni tuliinamisha vichwa. Lakini midomo ilikuwa bado inahangaika. Ikatafuta, ikatafuta, mpaka ikalipata la pili. "Pole." Na mguu wa kulia ukasogea mbele.

Alirudi kazini na fimbo, akiegemea upande mmoja. Hakuwa na nguvu za kumwinua mtu tena, hivyo aliketi kando ya karai na kupukuchua pamoja na wagonjwa wake, kwa vidole vilivyokuwa vizito kama vyao. Mwaka huo wa mwisho hakuna mgonjwa aliyebishana naye.

Madam, asante kwa mikono yako. Asante kwa sheria zako, hata zile tulizozinung'unikia. Chumba kile kitakuwa kipana mno bila sauti yako, na tutakukosa. Tunakuombea afya, kicheko cha wajukuu, na njia kavu ya kwenda shambani kila asubuhi.

Wageni waalikwa, ratiba inasema saa nne, lakini sherehe itaanza atakapofika. Tulimpa kiti cha magurudumu, akakikataa. Dereva wa hospitali alimpa gari, akamcheka. Atatoka chumbani kwake na kutembea korido yote hadi ukumbini. Msimkimbilie. Msimshike mkono. Akipita mbele yenu mwambieni pole, na mkishaisema, isemeni tena.