Hakusema Natoa Mkono

Kijiwe chetu ni benchi moja refu lililoegemezwa ukuta wa kinyozi, na ng'ambo ya barabara kuna chuo kinachofundisha vijana kunyoosha migongo ya watu. Madirisha yakiwa wazi tunasikia pingili zikilia, ko, ko, halafu sauti ya mwalimu: rudia. Mimi ni fundi viatu, nimejitwalia kona yenye mwanga. Katikati hukaa Profesa, aliyekuwa msoma mita za umeme. Cheo hicho alijipa mwenyewe na hakuna aliyemnyang'anya. Kinyozi hutoka na kuingia, akimwacha mteja na povu nusu uso. Wa nne ni mzee tunayemwita Mgongo, kuli mstaafu. Jina amelipata kwa sababu mpwa wake anasoma hapo chuoni, na kila mwanafunzi hutakiwa kuleta mtu mmoja, ajifunzie mgongo wake mwaka mzima na kuufanyia mtihani. Asubuhi hiyo mtihani ulikuwa saa nne. Ilikuwa saa tatu na nusu, na Mgongo alikuwa ameketi wima ukingoni mwa benchi, kahawa imepoa mkononi.

Kinyozi: Mzee, egemea basi. Ukuta hauna rangi mbichi.

Mgongo: Siwezi.

Kinyozi: Unaumwa?

Mgongo: Siumwi. Kuna mkono.

Tukacheka, maana ndivyo tunavyoianza siku. Yeye hakucheka.

Profesa: Mkono gani?

Mgongo: Wa mtu. Uko mgongoni kwangu tangu Jumatatu.

Siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Profesa akainama akamchungulia nyuma. Shati lilikuwa safi, limepigwa pasi, halina hata mkunjo.

Profesa: Sioni kitu.

Mgongo: Hata mimi sikuona. Sikilizeni. Mle ndani kuna taratibu zao. Unalala kifudifudi, uso kwenye tundu la kitanda, huoni ila sakafu na viatu vyao. Sasa ili usishtuke, mwanafunzi lazima aseme kwanza: naweka mkono. Akimaliza aseme: natoa mkono. Asiposema, mwalimu anamkata alama.

Mimi: Na Jumatatu?

Mgongo: Jumatatu mpwa wangu alimaliza, akasema natoa mkono, akaenda kunawa. Nikabaki nimelala, napumzika. Nikasikia: naweka mkono. Ukawekwa, hapa, katikati ya mabega. Nikaangalia kwenye tundu nione viatu.

Kinyozi: Vya nani?

Mgongo: Hakukuwa na viatu.

Profesa: Labda alivivua.

Mgongo: Na miguu je, nayo aliivua?

Mteja aliita kutoka ndani. Kinyozi hakuitika.

Mgongo: Nikasubiri aseme natoa. Kimya. Nikanyanyuka, nikavaa shati, nikaenda nyumbani. Mkono nikaenda nao.

Kinyozi: Hiyo ni mishipa, mzee. Mimi nikivua kofia jioni, bado naisikia kichwani. Mishipa haijui kwamba kazi imeisha.

Mgongo: Kofia yako inakukamata usingizini?

Kinyozi akanywa kahawa yake.

Profesa: Mimi nawaambia huo ni umeme. Wanafunzi mia wanasugua kitanda kimoja kila siku, unategemea nini? Umeme umejaa pale, haukupata njia, ukampanda huyu. Dawa yake ni bomba la chuma. Njoo ushike hapa.

Mgongo alikubali, na hapo ndipo nilipoanza kuingiwa na wasiwasi, kwa sababu si mtu wa kukubali maneno ya Profesa. Alilishika bomba la maji kando ya mlango wa kinyozi, akasimama hapo muda wa kutosha.

Profesa: Umeondoka?

Mgongo: Upo. Umekuwa wa baridi tu.

Akarudi kukaa, wima vilevile.

Kinyozi: Basi kuna mwanafunzi alifeli zamani. Walimfukuza katikati ya somo, hakuwahi kusema natoa. Mtu kaondoka, mkono umebaki kazini unatafuta alama zake.

Profesa: Au ni mzigo. Miaka arobaini umebeba magunia. Labda kuna moja hukulishusha.

Mgongo: Gunia nalijua, kaka. Huu una vidole.

Mimi: Si useme wewe mwenyewe? Sema natoa mkono, yaishe.

Mgongo: Nimesema. Nimesema chumbani, nimesema bafuni, nimesema mbele ya mke wangu mpaka akahamia kwa dada yake.

Mimi: Sasa unaogopa nini leo? Siku nne umekaa nao na haujakufanya kitu.

Alinitazama kama mtu anayejiuliza aniambie au aniache nilivyo.

Mgongo: Fundi, nimelala kwenye kile kitanda mwaka mzima, somo nalijua kwa kichwa. Hatua ya kwanza, weka mkono. Ya pili, kandamiza taratibu mpaka pingili ikome. Ya tatu, subiri mgonjwa atoe pumzi. Pumzi ikiisha, sukuma. Jumatatu uliwekwa tu. Jumatano ukaanza kukandamiza. Leo alfajiri umefika mwisho. Sasa unasubiri nitoe pumzi.

Ndipo nilipoona kwamba tangu afike alikuwa akivuta hewa vijipande vijipande, kama anayeonja chai ya moto. Hakuwahi kumaliza pumzi moja mbele yetu asubuhi ile. Niliogopa, sifichi. Nyundo niliiweka chini nisije nikapiga kidole.

Kinyozi: Basi usiende, mzee. Mtihani si wako.

Mgongo: Nisipokwenda, huyo binti mpwa wangu anarudia mwaka. Hana mgongo mwingine. Huu ameusoma pingili kwa pingili, anaujua kuliko mama aliyenizaa. Lakini nikienda watanilaza, na mwalimu mwenyewe ataniambia: mzee, toa pumzi yote.

Kinyozi akatazama ng'ambo. Na mpwa wake ndiye huyo, anavuka barabara na koti jeupe, nywele amezifunga nyuma.

Binti: Shikamooni wazee. Mjomba, mbona umekaa? Wanaita majina.

Profesa, ambaye kunyamaza kunamwasha, akamweleza yote: viatu, bomba, pumzi. Nilitegemea binti acheke. Hakucheka. Aliuliza tu ni sehemu gani.

Binti: Geuka kidogo, mjomba. Naweka mkono.

Akaweka. Uso wake ukabadilika, lakini kiganja hakukitoa. Alikisogeza taratibu, kwa heshima, kama anayepapasa mlango gizani akijua ndani kuna mtu amelala.

Binti: Upo.

Profesa: Acha mzaha, mwanangu.

Binti: Upo, na umefika mwisho kweli. Ila umekaa vibaya. Huu ukisukuma hapa, mjomba hatasimama tena.

Mgongo: Basi nikae tu hivihivi.

Binti: Utakaa hivyo mpaka lini? Nauzibia njia. Nitasukuma mimi kwanza, pale panapostahili. Usitoe pumzi mpaka niseme.

Akaweka kiganja cha pili juu ya cha kwanza, akanyoosha viwiko. Barabarani kulikuwa na watu wanapita na mizigo yao, wala hawakututazama.

Binti: Toa yote.

Mgongo akaitoa. Ilikuwa pumzi ya siku nne, ilitoka kama kilio. Ko. Ule mlio tunaousikia kila siku dirishani, safari hii uligonga mpaka ubao wa benchi.

Binti: Natoa mkono.

Mgongo akabaki ameinama. Kisha akarudi nyuma pole pole, sentimita kwa sentimita, mpaka mgongo ukagusa ukuta. Akaegemea. Akavuta hewa mpaka vifungo vya shati vikakaza, akaitoa, akavuta tena. Machozi yalikuwa yakimtiririka na alikuwa anacheka. Nilifurahi kiasi kwamba nilimpiga Profesa begani, jambo ambalo sikuwahi kulifanya kabla.

Kinyozi: Huyu afaulu bila mtihani.

Binti hakucheka nasi. Alikuwa amesimama wima mbele ya benchi, mikono imening'inia.

Binti: Wazee, nani ameniwekea mkono mgongoni?

Tukatazamana. Kinyozi alikuwa na wembe na kikombe. Profesa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Mimi nina kiatu na uzi. Mjomba wake ameegemea ukuta, mikono magotini. Nyuma ya binti kulikuwa na barabara tu.

Mgongo akasimama, akamgeuzia binti mgongo, akavuta shati lake juu.

Mgongo: Urudishe, mwanangu. Weka palepale.

Binti: Mjomba, hatujafundishwa kurudisha.

Mgongo: Basi tutakaa nao. Hata mimi mkono ulinipa siku nne.

Binti: Huu hausubiri siku nne. Umeshakandamiza mpaka mwisho.

Ng'ambo waliita jina lake. Akavuta hewa kidogo, kidogo tu, akaanza kuvuka barabara, na mjomba wake akamfuata nyuma akimsihi asitoe pumzi.